UZI WA KURA: Filamu bora ya zamani ni ipi? Kila kura ije na tukio lake

Mshumaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu 1952, kila baada ya miaka kumi, jarida la Sight and Sound la Uingereza huwaomba wahakiki wataje filamu kumi zilizo bora kuliko zote. Mara ya kwanza ilishinda Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, filamu ya 1948, yaani ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Kuanzia 1962 Citizen Kane ya Orson Welles ikakalia kiti na hakuna aliyeigusa mpaka 2012, Vertigo ya Hitchcock ilipoipita. Mwaka 2022 walipiga kura wahakiki 1,639, na ya kwanza ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, binti wa Ubelgiji aliyeitengeneza akiwa na miaka 25. Watu wakagawanyika vibaya sana.

Kura yao huhesabiwa hivi: zile kumi za kila mtu zina uzito mmoja, hakuna ya kwanza wala ya mwisho. Kwa hiyo inayoshinda ni iliyotajwa na wengi, hata kama hakuna aliyeiweka mbele ya zote moyoni mwake. Mimi hilo linanikera kidogo, lakini kinachonikera zaidi ni majina matupu. Mtu anataja Citizen Kane kwa kuwa ameikuta kwenye kila orodha.

Basi tupige yetu. Filamu iwe ilitoka kabla ya 1980. Kila mtu ana kura mbili. Uwe umeitazama mwenyewe hadi mwisho, na kwa kila filamu utusimulie tukio moja ambalo hujalisahau. Kura isiyo na tukio haihesabiwi. Nafunga Jumapili usiku.

Naanza na Bicycle Thieves. Antonio kapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma, ila kazi inataka baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayafunga, wanakwenda kuyaweka rehani ili waikomboe. Karani anapokea furushi, anapanda nalo kwenye marafu, anapanda, anapanda, na sisi tunaona mafurushi ya mashuka ya watu wengine yamepangwa mpaka karibu na dari. Hakuna anayesema kitu. Mji mzima umelala bila mashuka! Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na ukimtazama anavyoishika ile baiskeli utaamini.

Kura yangu ya pili naiweka akiba nikishawasikia.

---

Kisima

Citizen Kane. Vertigo. Kazi imekwisha.

---

Mshumaa

Mkuu Kisima, tukio?

---

Bi Karafuu

Wanangu, mimi ni wa Unguja, nimekua na sinema. Majestic pale Vuga, Empire, Cine Afrique, zote nimeziingia. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yetu, tunakwenda kwa makundi, dada, mashangazi, majirani, na leso za kufutia machozi tunazo mkononi kabla hata taa hazijazimwa.

Kura yangu ni Mother India ya Mehboob Khan, 1957. Nargis ndiye Radha. Mume kaondoka, ng'ombe hawapo, deni la mkopeshaji Sukhilala haliishi. Anajifunga nira mwenyewe, analivuta jembe matopeni, watoto nyuma yake. Ukumbi mzima ulikuwa unalia, lakini si kilio cha kushtuka. Mle ndani walikuwemo wanawake waliolea peke yao, wao walikuwa wanajitazama. Na mwisho, anapomlenga bunduki Birju, mwanawe mwenyewe, kwa ajili ya heshima ya binti wa watu, pembeni yangu bibi mmoja alisema kwa sauti, "Mpige." Halafu akajifunika uso kwa buibui.

Ya pili ni Sholay, 1975. Wengi watawaambia habari za yule jambazi, Gabbar Singh. Mimi nakumbuka taa. Jioni, Jai kakaa nje anapuliza kinanda chake cha mdomo, na kule juu barazani yule mjane anazima taa moja moja. Hawasemezani. Taa ya mwisho inazimwa na wewe umeshajua kila kitu.

---

Kibanda Umiza

Shikamoo Bi Karafuu. Na mimi Sholay, lakini nina swali kwa mwanzisha uzi kabla hujanikata kura.

Mimi sikuiona sinema. Niliiona kwenye kibanda cha video Dar, benchi la mbao, mkanda uliotafsiriwa. Enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Anasimulia juu ya sauti za wahusika, anaongeza ya kwake, anawapa majina ya kwetu. Je, hiyo ni kuitazama filamu au ni kuitazama kazi ya Lufufu?

Tukio langu: Thakur anawaomba wale wezi wawili, Jai na Veeru, wamkamate Gabbar, na wewe unajiuliza kwa nini mzee huyu kila siku kajifunika shali, kwa nini hakunyanyua mkono siku ile walipohitaji bunduki. Kisha upepo unaichukua shali. Hana mikono. Pale kibandani hata msimuliaji alinyamaza.

Na jambo jingine. Sisi tulilelewa na sheria moja, stelingi hafi. Jai akafa. Kuna jamaa alitaka arudishiwe hela yake.

Ya pili ni Enter the Dragon, 1973, chumba cha vioo. Bruce Lee hajui adui yupi ni wa kweli na yupi ni kivuli, mpaka anapoanza kuvunja vioo kimoja kimoja.

---

Jirani wa Ngong

Naomba nijibu hilo la tafsiri, maana nimekulia Nairobi na sauti ya msimulizi wa filamu DJ Afro masikioni. Japani, enzi za filamu bubu, kila ukumbi ulikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya kitambaa akieleza na kuigiza sauti. Waliitwa benshi, na watu walinunua tikiti kwa jina la benshi kama walivyonunua kwa jina la mwigizaji. Heigo, kakake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Kwa hivyo mwongozaji mkubwa kabisa wa Japani aliingia kwenye filamu akiongozwa na msimulizi. Kura ya Kibanda isikatwe.

Zangu ni hizi.

Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, 1953. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Watoto hawana ubaya, wana shughuli tu. Mmoja daktari, mwingine ana saluni. Mwishowe wanachanga pesa, wanawapeleka wazee kwenye hoteli ya kando ya bahari huko Atami, wapumzike. Usiku vijana wanapiga muziki na kucheza kamari, wazee wamelala macho wazi. Asubuhi wameketi kwenye ukuta wa bahari, mama anajaribu kuinuka, kizunguzungu kinamshika, anainama. Anasema si kitu.

Wazazi wangu walikuja kutoka nyumbani mwaka fulani. Nyumba yangu ni ya chumba kimoja na sebule, nikawatafutia chumba cha kulala wageni, nikalipa, nikajisifu. Niliiona Tokyo Story miaka miwili baada ya mama kufariki. Sitaandika zaidi.

Tazameni pia kamera ya Ozu ilivyowekwa chini, kama macho ya mtu aliyekaa mkekani. Ukishazoea, filamu nyingine zote unaziona zimesimama. Mwaka 2012 waongozaji wenyewe, kwenye kura yao iliyo kando na ya wahakiki, waliiweka ya kwanza.

Ya pili, Seven Samurai ya Kurosawa, 1954. Samurai Kambei ananyoa kichwa mbele ya kijiji, avae kama mtawa, ili amwokoe mtoto aliyeshikwa na mwizi. Kwa samurai kukata kile kishungi ni kuvua heshima yake yote. Anakikata bila hotuba. Hapo unajua kwa nini wengine watamfuata.

---

Kisima

Nimerudi. Mshumaa, umenilazimisha nifikiri, na nimegundua Vertigo siikumbuki vizuri, naifuta.

Citizen Kane naikumbuka. Ndani ya kibanda cha Colorado mama anatia saini ya kumtoa mtoto wake alelewe na benki. Baba ananung'unika, bwana wa benki kakaa mezani. Na kwa mbali, kwenye dirisha katikati yao, mtoto anacheza thelujini, anapiga kelele za furaha, hajui. Mama aliye karibu na mtoto aliye mbali wote wanaonekana wazi kabisa kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi ya mpiga picha Gregg Toland. Watu husema Kane ni ufundi. Kwangu ni lile dirisha.

Ila niseme na hili: Sholay ni nakala. Wanakijiji wanaonewa na majambazi, wanaajiriwa wapiganaji, si ndiyo Seven Samurai hiyo hiyo? Mnapigia kura mama na mtoto.

---

Mpiga Zeze

Kisima, hapo umenigusa, maana kura zangu ndizo hizo hizo mbili, mama na mtoto, na sioni tatizo.

Mombasa tulikuwa na Naaz na nyinginezo, na marehemu babangu alitupeleka kuona zote. Hadithi husafiri. Kutoka kwa Kurosawa ilikwenda Marekani ikawa The Magnificent Seven mwaka 1960, ikafika Bombay kwa Ramesh Sippy ikavaa kilemba, nyimbo na huzuni ya Thakur. Na Kurosawa mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu za Mmarekani John Ford. Sasa nani kamwibia nani? Ukinipa pilau ya Mombasa siulizi kama mchele ulianzia wapi.

Kwenye Sholay, tukio langu ni ile sarafu. Filamu nzima Jai anarusha sarafu kuamua, na kila mara inaangukia upande wake. Akishakufa, Veeru anaiokota, anaigeuza. Pande zote mbili ni sawa. Rafiki yake alikuwa akiamua siku zote, na mara hii aliamua abaki nyuma afe yeye. Mimi na kaka yangu tulitoka ukumbini hatuongei mpaka nyumbani.

Na jueni mwisho wa Sholay tulioutazama miaka ile si ule Sippy alioupiga. Alichopiga ni Thakur kumuua Gabbar kwa viatu vyake vyenye misumari. Ilikuwa kipindi cha hali ya hatari India, wakaguzi wa filamu wakakataa mtu achukue sheria mkononi, ikabidi polisi waje kumkamata. Ule mwisho wa kwanza ulionekana baadaye.

Seven Samurai: Kikuchiyo, yule wa Toshiro Mifune, anawapigia kelele wenzake baada ya kukuta silaha zilizofichwa na wakulima. Anasema ndiyo, wakulima ni waongo, ni wachoyo, wanaua waliojeruhiwa. Halafu anawauliza ni nani aliyewafanya hivyo, si nyinyi? Anamaliza kwa kilio. Ndipo tunajua na yeye ni mtoto wa mkulima.

---

Mkulima wa Kilosa

Nina kura moja, Seven Samurai.

Wakulima wanawapa samurai wali, wao wanakula mtama. Kambei anashika bakuli anasema chakula hiki hatutakipoteza bure. Mimi nalima mpunga. Najua maana ya kumpikia mgeni wali na nyumbani wakala kitu kingine ili mgeni asijue.

---

Mwana Meru

Nitapingwa, najua. Hatari! ya Howard Hawks, 1962. Jina lenyewe la Kiswahili, imepigwa kwetu Arusha na Momella, wakati nchi ndiyo inapata uhuru. Tukio ni lile la mwanzo, gari linamkimbiza kifaru, vumbi, kifaru anageuka anamchoma mtu mguuni. Waigizaji walikimbiza wanyama wale kweli. Babu yangu alikuwa akisema ile ndiyo sura ya nyika ilivyokuwa, na mimi sina picha nyingine ya nyika ile inayotembea.

Ya pili Tokyo Story, na tukio ni bibi na mjukuu kilimani. Mtoto anachuma majani, bibi anamuuliza ukiwa mkubwa utakuwa nani, halafu anajiuliza mwenyewe, sijui siku hiyo nitakuwepo?

---

Dada Lualaba

Mwana Meru, sikupingi na kumbukumbu ya babu yako. Lakini ndani ya Hatari! watu weusi wanafanya nini? Wanashika kamba. Nchi ni yetu, hadithi ni ya nyota wake, John Wayne. Kwa hiyo kura yangu ya kwanza ni La Noire de… ya Ousmane Sembène, Senegal, 1966.

Diouana anachukuliwa na Wafaransa kutoka Dakar, anafikiri anakwenda kulea watoto, anafika Antibes anakuta jiko na ufagio. Ufaransa yote kwake ni jiko, bafu na chumba. Alikuwa amewapa mabwana zake kinyago kama zawadi, wameking'inia ukutani kama pambo. Mwisho, Diouana akishajiua, bwana anakirudisha Dakar, na mtoto mdogo anakivaa anamfuata nyuma, pole pole, mpaka yule bwana anaanza kukimbia. Filamu ina urefu wa kama saa moja tu. Kwenye ile kura ya 2022 ilikuwemo ndani ya mia, pamoja na Touki Bouki, nayo ya Senegal.

Kura ya pili ni Jeanne Dielman. Niliona wengi mahali pengine wakiuliza juu ya nini filamu ya mama anayemenya viazi ishinde. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, naishi Brussels, mji ule ule wa Jeanne, na kazi yangu ni kusafisha nyumba za watu. Filamu ina dakika 201. Siku tatu za mjane mmoja. Kamera haisogei hata kidogo, inakaa pale kama jirani aliyekuja kukutembelea na hana haraka. Anapika, anatandika, anaosha bafu, na mchana anapokea wanaume wanaolipa. Siku ya pili viazi vinamharibikia jikoni. Anabeba sufuria, anakwenda nayo bafuni, anarudi, hajui akiweke wapi kitu kilichoharibika kwenye nyumba ambayo hakuna kinachoharibika. Ni sufuria ya viazi tu, lakini mimi nilishika mdomo. Kwa sababu saa nzima nimeona kila kitu kikiwa mahali pake, ile sufuria ilinitisha kuliko bunduki.

Mama yangu alifanya kazi hizo hizo miaka arobaini na hakuna aliyekaa kumtazama hata dakika tatu. Akerman alikaa.

---

Kibanda Umiza

Dada Lualaba, mimi niliizima baada ya dakika arobaini. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Nitairudia, lakini sikuahidi kura.

---

Dada Lualaba

Usiahidi. Itazame mchana, simu iwe chumba kingine.

---

Mwana Meru

Dada, umesema kweli kuhusu kamba. Nimempigia mjomba simu jana kumuuliza, akaniambia watu wa kwetu waliofanya kazi kwenye ile filamu wazee waliwajua kwa majina, mmoja mmoja. Filamu haikuwajua. Kura yangu inabaki kwa ajili ya nyika, ila nimelichukua hilo.

---

Mshumaa

Wakuu, nimefunga. Hesabu ni hii.

Seven Samurai kura tatu: Jirani, Mpiga Zeze, Mkulima. Sholay kura tatu: Bi Karafuu, Kibanda, Mpiga Zeze. Tokyo Story mbili. Zilizobaki moja moja: Mother India, Bicycle Thieves, Citizen Kane, Enter the Dragon, Hatari!, La Noire de…, Jeanne Dielman. Kura ya Kibanda nimeihesabu, na hoja ya benshi ndiyo iliyoniridhisha.

Ndugu zangu wawili wamenifuata pembeni, mmoja wa Sholay, mmoja wa Seven Samurai, kila mmoja akinitaka nivunje sare kwa kura yangu ya akiba. Nimezitazama filamu zote mbili upya wiki hii. Nimeshindwa, kwa sababu tukio nililolibeba miaka mingi haliko kwenye yoyote kati ya hizo, na sheria niliiweka mwenyewe.

Kura yangu ya pili ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973. Mory ana pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele. Yeye na Anta wamehangaika filamu nzima, wameiba, wamedanganya, wapate nauli ya kwenda Paris. Siku imefika, bandari ya Dakar, Anta yumo melini. Mory anapanda ngazi ya meli, anasimama. Kitu kinamvuta. Anageuka, anakimbia mjini kutafuta pembe zake, na meli inaondoka na Anta. Anazikuta pembe barabarani, zimevunjika.

Nilisimama hivyo hivyo uwanja wa ndege mwaka fulani, pasi mkononi. Mimi niliondoka. Kila nikiiona ile ngazi namtazama Mory kwa wivu na kwa huruma, na sijawahi kujua kipi kinatangulia.

Kwa hiyo sare inabaki sare.

---

Mpiga Zeze

Nimeikubali. Mama na mtoto wakae meza moja.

---

Bi Karafuu

Mwanangu Jirani, pole na mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hiyo ya Wajapani na wazee wao nataka kuiona. Macho yangu hayasomi tena yale maandishi madogo ya chini. Ipo iliyotafsiriwa?

---

Jirani wa Ngong

Shikamoo Bi. Asante kwa dua.

Iliyotafsiriwa sijawahi kuiona. Lakini ukimwomba mjukuu aiweke Jumapili, nipigieni simu, niwekwe kwenye spika. Mazungumzo yake nayajua karibu yote. Nitawasimulia toka mwanzo.